Mabadiliko Yanayongoja

Katika miaka ya tisini niliajiriwa katika kiwanda cha minofu ya samaki hapa Kisumu, na dirisha la chumba cha kompyuta lilitazama ziwa. Siku nyingine ziwa lenyewe halikuonekana. Upepo uliyaleta magugu maji usiku, ukifungua pazia asubuhi unakuta shamba la kijani lenye maua ya zambarau, na ukirudi kutoka chakula cha mchana unakuta maji matupu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na ningeweza kukaa kutwa nzima nikitazama shamba lile likihama. Mama yangu alisema mimi hulala macho wazi, na hakuwa akinisingizia.

Aliyenifundisha kompyuta alikuwa fundi mkuu wa kiwanda, mtu wa Usenge, ambaye sote tulimwita Mzee. Alibakiza miezi mitatu astaafu, na alikuwa ameahidiwa kuongezewa miaka miwili. Aliingojea miaka hiyo kama mtoto anavyongojea Krismasi. Seva, kompyuta kuu iliyoziongoza nyingine zote, ilikuwa imefika juzijuzi, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amepata mashine isiyompaka grisi.

Mipangilio ya seva ile tuliibadilisha kwa programu ya picha. Kwenye skrini kulikuwa na printa ndogo zilizochorwa, makabrasha, na vijitu vilivyopangwa kwa makundi, nawe ukavihamisha kwa kipanya. Chini kulikuwa na vitufe viwili. Cha kwanza kilihifadhi badiliko, likakaa likingoja. Cha pili kililitekeleza, ndipo seva ikalifuata.

Kisumu mvua hupiga alasiri, na ikipiga, stima hupotea na kila mashine huzimika. Ofisi nzima ilikuwa imefunzwa na radi: andika mstari, hifadhi. Kwa hiyo mimi na Mzee tulikuwa na mtindo wetu wa kuhifadhi mambo kabla ya siku yake, tusije tukanyang'anywa na giza.

"Wewe weka tu ingoje," aliniambia. "Siku yake ikifika tunaamsha."

Tena kwenye seva nilikuwa nikiingia kwa jina lake. Katika vitabu vya kiwanda mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa, basi. Kujifungulia jina langu kwenye seva mbele ya mtu wa umri wa baba yangu ningeona ni kukosa adabu, na yeye alinipa paswadi yake kama jirani anavyokuazima jembe. Hakuna mwingine aliyejua.

Ijumaa moja Mzee alikuwa ghorofa ya chini tangu mchana akitengeneza mizani, na kutoka hapo angekwenda moja kwa moja matangani Usenge. Printa mpya ya karatasi za kusafirishia samaki ilikuwa itoke Nairobi wiki iliyofuata. Nikaona nimwandalie. Nilifungua programu, nikaelekeza karatasi zote kwenye printa mpya, nikahifadhi. Nakumbuka raha ya saa ile. Nje magugu yalisogea taratibu kuelekea gatini, na mimi nilisogeza vijipicha vyangu kwa mwendo uleule, kama niko usingizini. Sikutekeleza chochote. Niliyaacha mabadiliko yakingoja, nikaenda zangu nyumbani Kaloleni.

Hakuna aliyekuwa ameniambia, na nadhani Mzee mwenyewe hakujua, kwamba seva ikizimika na kuwaka tena husoma kila kilichohifadhiwa. Kilichotekelezwa na kisichotekelezwa, kwake ni mamoja. Jioni mvua ikaja, stima ikapotea, betri ya akiba ikalia mpaka ikachoka. Stima iliporudi seva iliamka na kuanza kutuma karatasi kwenye printa ambayo bado ilikuwa ndani ya katoni huko Nairobi.

Jumamosi alfajiri lori la minofu lilikuwa langoni, tayari kwenda uwanja wa ndege. Makarani walibonyeza na kubonyeza, karatasi haikutoka. Wakatuma mtu kwa Mzee, akakuta kufuli mlangoni. Mimi nilikuwa umbali wa dakika ishirini kwa miguu, nimelala, na hakuna aliyenifikiria. Ndege iliondoka bila samaki wetu.

Jumatatu meneja alimwita Mzee, na mimi nikaitwa niandike yatakayosemwa. Seva hujiwekea orodha ya kila aliyeingia. Meneja aliichapa, akaiweka mezani: Ijumaa, saa nane na robo, jina la Mzee.

"Mzee, hii ni wewe?"

Mzee alivaa miwani, akasoma polepole.

"Jina ni yangu," alisema.

"Sijauliza jina."

Mzee hakujibu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Meneja alingoja. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, imeshapangwa. Badala yake niliinama nikaandika maneno ya Mzee kwa mwandiko safi. Niliogopa, na sina namna ya kulipamba jambo hilo.

Hakuongezewa hata siku moja. Miezi mitatu iliyobaki alinifundisha yote aliyoyajua, bila kuitaja Ijumaa ile, na alipoondoka alimwambia meneja kwamba kiti chake cha kusimamia seva nipewe mimi. Nikapewa.

Ilinichukua mwaka na nusu kwenda Usenge. Nilimkuta ufuoni, akipindua omena, dagaa wa ziwa, walioanikwa juu ya nyavu. Nilimwamkia, nikasimama, nikayamwaga yote kwa pumzi moja kabla sijakaribishwa.

"Nilijua," alisema. "Saa nane mimi nilikuwa na mizani. Nilijua kabla nikae kwa kiti."

"Sasa mbona hukusema, Mzee?"

"Nilinyamaza nikungoje, nyathina." Aliniita mtoto wake, kwa Kijaluo, wala hakuwa na hasira. "Ile miaka mbili nilikuwa nataka, siwezi kataa. Lakini ningesema mimi, ningejuaje naachia mashine mtu gani? Kiti nilikuachia tu, nikaendelea kungoja."

Alirudi kwenye omena wake. Nilichuchumaa upande wa pili wa wavu, nikapindua pamoja naye hadi tukamaliza. Kesho yake saa mbili asubuhi nilitakiwa kiwandani, kwenye kiti alichoniombea.