Gauni la Nyuma ya Mlango wa Choo

Kliniki yetu ya wajawazito ilikuwa na gauni moja jepesi ambalo halikuwa na mwenyewe.

Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa choo. Hakuna aliyejua nani alilileta.

Kabla ya kupima uzito unaingia chooni, unavua nguo zako, unalivaa hilo. Viatu unaacha, hata hereni unatoa. Ukishapimwa unalirudisha, mwenzio naye anaingia.

Nesi alikuwa analiona likihama mgongo hadi mgongo, lakini hakusema neno. Sisi tukadhani haangalii.

Unacheka? Ungemsikia huyo nesi, hata wewe ungelivaa.

Mzani uliwekwa mbele ya mabenchi, na nesi mwenyewe ana sauti ya mnadani.

"Tisini na moja! Jamani, humo tumboni mna mtoto au mna gunia?"

Benchi zima linaangua kicheko.

Mimi siku yangu ya kwanza aliniuliza kama nimemmeza mume wangu. Nikacheka na wenzangu. Nilipofika nyumbani nililia mpaka kwikwi zikanishika.

Tangu hapo, siku ya kliniki ikikaribia nashinda na chai kavu. Mume wangu akiuliza, namwambia kichefuchefu.

Na ikafanya kazi! Siku moja nesi akapaza sauti, "Mmemwona huyu? Huyu ndiye mfano!"

Kichwa kikanivimba. Nikashuka kwenye mzani, dunia ikazunguka, puu!

Nilizinduka nimelala mapajani mwa Mama Pacha, mjamzito mwenzangu aliyebeba wawili.

Daktari alinipima tumbo.

"Moyo wa mtoto unapiga. Ila mwenyewe ni mdogo kuliko umri wake. Mama, unakula kweli?"

Mwanangu alikuwa anashinda njaa humo ndani, kisa mdomo wa mtu.

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. Hasira za kweli kweli.

Kliniki iliyofuata nilikula mayai, mkate na chai ya maziwa mpaka nikacheua. Nikavaa gauni langu zito kuliko yote. Kisha nikaingia chooni, nikaling'oa lile jepesi msumarini na kwenda kulibwaga mezani kwa nesi, watu wote wanaona.

"Hili tunavalishana ili tukwepe mdomo wako. Leo napanda na nguo zangu. Namba niambie mimi, siyo benchi. Ukiitangaza, na wewe unapanda tuisikie yako!"

"Mwambie, shoga!" Mama Pacha akadakia.

Nikajiandaa kwa matusi. Lakini nesi hakunitazama. Alishika pindo la lile gauni, akalipapasa.

"Unadhani silijui?" akasema kwa sauti ndogo. "Nililishona mimi."

Tukatazamana.

"Mimba yangu ya kwanza. Nesi wa hapa alikuwa ananiita tangi la maji. Nilipojifungua nikaliacha liwasitiri wengine. Halafu nikaja kuajiriwa hapa hapa, nikakuta ndivyo wajawazito wanavyosemeshwa. Na mimi nikasema hivyo hivyo."

Mwenzenu nilimwonea huruma, sikatai. Lakini sikurudi nyuma.

"Kumbe unajua linavyouma! Sasa sisi ulikuwa unatulipizia nini?"

Aliinuka, akausukuma mzani mpaka nyuma ya pazia, akaniita.

Namba aliniambia sikioni. Kisha akaniuliza nakula nini siku hizi, na akasubiri jibu. Hilo hakuwahi kulifanya.

Mwanangu alizaliwa mdogo ila mkorofi, akilia mtaa mzima unajua. Gauni nililiomba mwenyewe. Nimelikatakata nepi, na bwana mdogo analikojolea kila siku bila huruma.

Wewe dada unayesoma hapa na tumbo lako, mzani panda. Uzito wako uujue, maana unamlinda mtoto. Ila hakuna aliyeajiriwa kukutangaza, na ukitangazwa, jibu.

Kula kwanza, ndipo uende. Na ukikuta gauni nyuma ya mlango wa choo, libebe. Mwanao atahitaji nepi.