Nilitoa Siri ya Mwamba, Lawama Kabeba Mjomba

Admin, nifiche jina, na jina la kijiji usilitaje kabisa, maana kule simu ni chache lakini umbea unafika.

Mie kijana wa miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa Kiwalani. Shule niliishia kidato cha pili kwa sababu ambazo mwalimu wa nidhamu anazijua vizuri kunizidi. Nauza supu ya pweza Temeke. Sijisifu, ila ukipita jioni ukakuta wababa wenye heshima zao wamepanga foleni na vikombe, hapo ndo kwangu. Wananiitaga dokta wa ndoa zao. Ila leo siandiki kwa majivuno, naandika kwa kinyaa. Najionea kinyaa mwenyewe.

Mama yangu kwao ni kijiji kimoja cha pwani ya kusini, huko ambako ukishuka kwenye basi bado unapanda bodaboda masaa matatu kwenye mchanga, halafu unavushwa kwa mtumbwi. Nilienda kumsalimia bibi. Jamani! Choo ni ufukweni, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia mzee mmoja amechuchumaa, akaniitikia marahaba bila hata kugeuka. Mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu nyuma ya msikiti. Nikamuuliza kijana wa rika langu mipango yake ya maisha, akanijibu, "Nasubiri mwamba ufunguliwe." Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kumbe hakuwa anatania. Wanakijiji wanaufunga mwamba miezi mitatu, hakuna kugusa pweza ili wakue. Siku ya kufungua ndo kila mtu anapata chake. Mlinzi alikuwa mjomba, kaka yake mama, kajengewa kibanda cha makuti palepale ufukweni. Kila kitu kule kinasubiri siku hiyo: bati la huyu, sare za mtoto wa yule. Mwanaidi, binti wa mjomba, alikuwa anasubiri anunue cherehani aende mjini kujifunza ushonaji. Hiyo ndo ilikuwa njia yake pekee ya kutoka pale.

Sasa huyo Mwanaidi ana mdomo. Ananikuta nimekaa na bibi, ananichamba, "Nyie watu wa Dar pweza mnamjua akiwa kwenye kikombe. Baharini si atakuvuta suruali?" Bibi naye, "Mwache mume wangu jamani, ana mikono laini huyo." Wakacheka. Mie nikaumia. Nikapanda kwenye lile jiwe, nikamtumia sauti tajiri anayeniletea pweza, nikijifanya mtu wa maana: "Braza, huku kwa bibi nilikokuaga naenda, mwamba unafunguliwa Jumamosi, pweza wa miguu minene. Halafu Ijumaa haingii mtu baharini, kijiji kizima kinakuwa msikitini kwenye dua, hata mlinzi hayupo."

Sikutumwa na mtu. Hilo la mlinzi hakuniuliza. Nililiongeza mwenyewe ili nionekane najua mambo. Akajibu, "Safi sana dogo, wewe mjanja."

Ijumaa tukala wali wa dua, mie nikaongeza sahani mbili. Jumamosi maji yakatoka, mwamba ukabaki wazi, wanawake wakaingia na vijiti vyao na ndoo, wanaimba. Baada ya muda nyimbo zikakatika moja moja. Mashimo matupu. Mawe yamepinduliwa, matumbawe yamevunjwa. Mwanaidi karudi na vipweza viwili kwenye ndoo. Bibi alikaa kwenye maji mpaka kiunoni, anatazama tu.

Mwenyekiti wa kijiji akamgeukia mjomba. "Wewe ndo mlinzi. Umewauzia nani?"

Mjomba akasema, "Wallahi sijui. Nilikuwa na nyie msikitini."

Na hapa ndo mnitukane vizuri. Watu walipoanza kunong'ona, nami nikatia neno, tena kwa sauti: "Mlinzi kukosa kujua, hiyo ngumu kidogo." Mjomba akanitazama.

Nikarudi Temeke. Jumatatu tajiri akaniletea mzigo, anatabasamu. Nikafungua kiroba: masalia tu, vitoto vya pweza saizi ya ngumi, na vinanuka sabuni ya unga. Kumbe wazamiaji aliowatuma walimwaga sabuni kwenye mashimo ili pweza watoke. Nikatapika pembeni ya jiko. Halafu nikanawa mdomo, nikavichemsha, nikatia ndimu na pilipili nyingi. Nikauza vyote. Mteja mmoja akaomba nimwongeze.

Ni wiki mbili sasa. Mjomba kavuliwa ulinzi, msikitini watu wanasogea wasipange naye safu. Mwanaidi hapokei simu za mtu. Jana bibi kapiga: "Mume wangu, Ijumaa hii tunasoma Halbadiri. Mjomba wako mwenyewe ndo kaitaka, kasema bora imdhuru yeye kama ni yeye." Kwa msioijua, hiyo ni dua ya kumsomea mwizi asiyejulikana, wanasema inamfuata popote alipo. Bibi akaendelea, "Mama yako kachangia mchele. Na wewe nimekuwekea jina lako kwenye wachangiaji, nimekutolea kuku wangu. Sema amina."

Nikasema amina.

Sasa wakubwa zangu, isiponipata hiyo dua, watasema mwizi ni mjomba na alijitia ujasiri tu. Nikikiri, mama hana tena kwao, na bibi sijui nitamtazama vipi. Nimeandika ujumbe kwa mjomba mara nne nikafuta. Ijumaa ni keshokutwa. Niambieni nifanyeje. Matusi nayapokea yote, ila kila tusi lije na ushauri.