Ndege Iliyopita Chini ya Mgema

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliishia darasa la tatu, na tangu siku hiyo kila nilichokipata nimekipata kwa nyundo. Nimenyoosha lori la chumvi lililobingirika mara tatu. Nimerudisha milango ya gari iliyobanwa kama chapati, mwenyewe alipokuja akadhani nimemnunulia mipya. Gereji yangu ya Malindi, nyuma ya soko, ilianza na turubai moja na mimi chini yake. Ilipofika katikati ya miaka ya themanini ilikuwa na paa la bati na mafundi sita wanaoniita bosi. Kwa hiyo asubuhi moja alipoingia mzungu mzee, mkononi ana bati jembamba lililokunjamana, akaniuliza kama naweza kulirudisha umbo lake, sikumwuliza ni la nini. Nilimwambia apitie saa kumi.

"Ni la ndege," akasema, kwa Kiswahili cha kwetu safi.

"Hata la meli," nikamjibu.

Aliporudi saa kumi alilipitishia kidole bati lile pembeni mpaka pembeni, kisha akaniuliza kama nina gari la kunifikisha Kilifi.

Mzee yule alikuwa rubani wa ndege za kivita enzi za vita vikuu vya pili, kijana wa miaka ishirini na kitu. Uzeeni alihamia shamba kuukuu la mkonge upande wa Kilifi, akanunua ndege ya aina ile ile aliyoirusha zamani, ikaja vipande vipande ndani ya masanduku. Injini alikwisha kuitengeneza na wenzake. Kilichomshinda ni ngozi. Safarini mabati ya pua na ya ncha za mabawa yalipondeka, na kila fundi aliyemwita alitazama akaenda zake.

Niliikuta chini ya banda la makuti. Nakwambia kweli, nilisimama mlangoni nikasahau kutoa salamu. Pua ndefu, kiti kimoja tu, mabawa yaliyochongoka kama jani, na ribiti, vile vipini vya kubania mabati, maelfu, mstari kwa mstari, hakuna hata moja iliyokwenda upande. Nilijua papo hapo kwamba waliopiga zile ribiti walikuwa mafundi wenzangu, wengine bila shaka hawakusoma kunizidi. Nilitia mkono tumboni mwake kama mtu anayemshika ng'ombe wa kununua.

Siku ya tatu niliharibu. Palikuwa na kibonyeo kwenye bati la pua, na mimi nikafanya tunavyofanya Malindi kwa kila gari: nikagonga kidogo, nikapaka puti, ule uji wa kuzibia mabonde, nikasugua kwa msasa mpaka pakateleza kama yai. Nilimwita mzee aje aone uzuri. Akagonga kwa kifundo cha kidole, akagonga tena, akachukua kisu akaibandua puti yangu yote ikadondoka chini. Hakukasirika. Alisema gari likipakwa poda litakwenda, ndege ikipakwa poda itaidondosha poda hiyo juu ya kichwa cha mtu. Kisha akanipa bati jipya na kuniambia nianze upya.

Nilichonga gogo la mvule likapata bonde, nikashona mfuko wa mchanga, nikaligonga bati lile kwa nyundo ya mti siku nne. Sikupaka kitu. Mzee aligonga kwa kifundo, akaenda kuniletea chai kwa mikono yake mwenyewe. Miezi mitatu nilikuwa nikienda na kurudi, gereji nikawaachia vijana. Sijawahi kufanya kazi bora kuliko ile, na kazi zangu zote ni bora.

Siku ya majaribio niliziba masikio, haikusaidia. Ule mngurumo huingilia miguuni. Ilipaa juu ya mkonge, ikazunguka, kisha ikashuka ikaja kwetu chini kabisa, kivuli chake kikikimbia ubavuni mwake kama mbwa na bwana wake. Ilipita, ndipo upepo ukatupiga. Mzee aliposhuka nilimwuliza kwa nini arushe chini vile na mbingu yote iko wazi. Akanieleza kwamba vitani aliyeruka juu alionekana, na aliyeruka chini alifichwa na ardhi: adui alimsikia wakati amekwisha kupita. Wao walizoea kupita chini ya vilele vya miti.

Maneno hayo yalinigonga moyoni, kwa sababu niliwahi kuyasikia kwa mtu mwingine, na sikuyaamini.

Mtu huyo ni baba mkwe wangu, mkulima wa nyuma ya Gede, mwenye minazi na mihogo. Ujanani alikuwa keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Mwingereza, akapigana Bama, huko Asia. Hadithi yake ilikuwa moja. Walizingirwa msituni, wamelala shimoni, risasi zimekwisha, ndipo ikaja ndege ya kwao chini ya vilele vya miti, karibu aishike tumbo, ikawafukuza adui na wao wakatoka wazima. Aliisimulia miaka arobaini, na miaka arobaini majirani walimcheka. Ndege chini ya miti! Walimwambia ni pombe ya Bama. Wanawe wenyewe walikuwa wakitazamana. Mimi pia nilicheka, ingawa kwa siri. Naye hakuniamini mimi. Miaka tisa tangu nimwoe binti yake alikuwa akinikalisha kando kwenye kigogo, kama mpita njia aliyekuja kuomba maji. Aliniita Maneno Mengi.

Mwaka ule macho yake yalikuwa yakizimika. Jicho moja lilikwisha kufa, la pili limebaki na mwanga wa kama tundu la ufunguo, na hospitalini walimwambia mke wangu kwamba masika hayatapita kabla nalo halijafunga, wala hakuna dawa. Nikajua ninachokitaka. Mzungu aliponiuliza ujira, nilimwambia sitaki hata ndururu: nataka apite kwa mkwe wangu, mara moja, chini, vile vile kama Bama, mzee angali anaona.

Alikubali. Mafuta yatatosha kwenda, kupita na kurudi, akasema, nimwekee alama. Nikamwambia kitaalamu kabisa: tafuta bendera nyeupe juu ya mti mrefu.

Sasa wewe msomaji wa pwani umekwisha kucheka. Mimi mtu wa gereji sikufikiri. Mke wangu, mzaliwa wa pale, alipandisha shuka jeupe kwenye mti bila kufikiri vile vile. Kwetu pwani mganga hutundika bendera juu ya mti ili ajulikane, na ya mganga jirani yao ameiona tangu utotoni, kwake haikuwa tofauti na mnazi. Nayo ilikuwa nyeupe, na mti wake ulikuwa mrefu kuliko wetu.

Jumapili ile watu walijaa uani. Nilikuwa nimewatangazia mpaka stendi ya Gede. Nilikuja na bati la alumini lililobaki, nimelisugua likawa kioo, ili niwaonyeshe ngozi ya ndege. Mzee alikaa mbele katika koti lake la keya, na joto lile. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akaniuliza kama leo nimeleta ndege au maneno.

Saa nne ndege ikasikika. Mzee akainua shingo. Ngurumo ikaja, ikaja, ikageuka, na hatua mia tatu upande wa kushoto tukaona makuti yakiruka juu kama kuku waliofukuzwa. Ilipita kwa mganga.

"Sauti ni yenyewe," mzee akasema polepole. "Lakini imekwenda kwa mwenzangu."

Jirani mmoja hakukawia. "Mzee, mkwe wako fundi kweli. Ndege ameitengeneza, njia ndiyo bado." Watu wakacheka mpaka wengine wakaketi.

Mimi sikucheka. Nilijua mafuta hayatoshi kwa mchezo, na lile tundu la ufunguo halitaningoja nijipange upya. Nikalikamata bati langu, nikatoka mbio mpaka katikati ya shamba, nikalielekeza jua. Nikalitikisa. Ndege ilikwisha kuwa ndogo kama nzi upande wa bahari. Nikalitikisa tena mikono ikiniuma, nikimwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Yule nzi akainamisha bawa, akageuka.

Minazi ya mkwe wangu ni safu mbili, na katikati mahindi yalikwisha kuvunwa. Alikuja na njia hiyo. Nilijitupa chini kifudifudi, kwa hiyo mwenye kuandika haya hakuona vizuri. Niliona ribiti zangu, naapa, kisha vumbi. Nilipoinuka, watu wote uani walikuwa wamelala, isipokuwa mmoja. Mzee alikuwa wima, mkono kwenye paji la uso, kiaskari, na hakuushusha mpaka ngurumo ilipopotelea Kilifi.

"Nimeona kitu cheusi," akasema. "Ilipita juu au chini?"

Nani aliyekuwa ameinua kichwa? Jibu likatoka mbinguni. Mgema wake alikuwa juu ya mnazi, amekumbatia shina kama mtoto na mamaye, na kibuyu cha tembo la mnazi kimemmwagikia.

"Chini, baba. Imepita chini yangu. Nimemwona rubani utosini. Ana kipara."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akawageukia majirani akawauliza, mmoja mmoja kwa jina la baba yake, kama wamemsikia mgema. Wakasema wamesikia. Akapapasa hewani, akanipata begani, akanivuta kwenye mkeka wake.

"Keti hapa, mwanangu," akasema.

Hatujamaliza chai, mganga akafika. Paa lake limevuliwa, mitungi mitatu ya dawa imevunjika, na mgonjwa wake wa mgongo, aliyeletwa kwa kitanda, ameruka akakimbilia mihogoni. Nilimwambia basi ndege imemponya, anishukuru.

"Mgonjwa nimemponya mimi," akasema. "Paa ndilo lako."

Nilitaka kubishana, mimi kubishana sijambo. Lakini mzee aliinua mkono. Alisema bendera ni mimi niliyeitaja, na mtu ambaye ameletewa kweli hadi mlangoni hatafuti punguzo. Mkwe wake, akasema, atalipa yote, mbele ya wazee, pamoja na tembo la kuwapozea koo.

Mwanga wake ulifunga kabla ya masika kwisha. Aliishi miaka mingine, na hadithi ya Bama aliisimulia bila kuchekwa, mgema akiwa kando yake kama shahidi. Yule rubani alikwisha kurudi kwao, na ndege iliuzwa ng'ambo. Namwombea kheri popote alipo, maana alinipa kazi ya maisha yangu na baba wa pili. Na kwa yote hayo nililipa, siku ile ile, taslimu, shilingi mia saba na themanini na tano.