Nanaa ya Maji ya Udhu

Kiangazi kile nilitoka kwangu Selly Oak, mtaa wa Birmingham, kila asubuhi nikiharakisha kwenda msikitini kama mtoto anayekwenda kutazama paka aliyezaa. Nilikuwa nakwenda kutazama nanaa.

Nyuma ya msikiti wetu palikuwa na kiwanja cha mawe na matairi. Mama mmoja wa Kiyemeni aliomba ruhusa ya kupafanya bustani, na maji ya udhu yanayopotea yapitishwe kwenye bomba yainyweshe. Kwao Sanaa, mji mkuu wa Yemen, alisema, misikiti ya zamani ina bustani zake pembeni. Waumini wanatawadha, vitunguu vinakunywa. Mimi, mjumbe wa kamati ya msikiti, nilipinga. Nilisema maji yaliyokwisha kuoshewa miguu hayafai kwa chakula. Imamu akacheka: hayafai kutawadhia tena, lakini si najisi. Kamati ikampa mama yule hadi maulidi. Bustani isipozaa, bomba ling'olewe.

Nanaa aliyoipanda ilichipuka upesi, nami niliyepinga nikawa wa kwanza kuipenda. Lakini kusafisha mahali pa udhu ilikuwa kazi yangu, na tangu nilipokuwa Mombasa naamini pasiponuka klorini hapajasafishwa. Mama yule alituomba tuiache dawa hiyo. Nikaona kidogo tu haitadhuru. Maulidi yalipokaribia, majani yakawa manjano, yakapukutika.

Nilimwambia mama yule mbele ya wanawake wenzake kwamba ni mimi niliyetia klorini. Alinitazama, kisha akaitazama ndoo yangu.

"Ami," alisema, "umeisafisha mpaka umeiua. Sasa kaa uiuguze."

Nikaiuguza. Nilihamia kwenye siki kusafishia, nikakata matawi makavu, nikakinga mvua ya Birmingham, hii hii niliyoilaani miaka yote, nikaimwagia nanaa kwa kikombe. Asubuhi moja nikaona ncha za kijani zikitoboa udongo. Nilipiga takbiri mpaka jirani akafungua dirisha.

Siku ya maulidi chai ilitoka na nanaa yetu, ya kutosha birika moja. Mwenyekiti wa kamati alikunywa, akanyoosha kikombe aongezwe.

"Bomba libaki," alisema.

Nilipokwenda kutawadha kwa magharibi, kwa furaha nilitamani kuyafungua maji yote, nanaa ishibe. Nikakumbuka tulivyokatazwa chuoni, tulikosomea Kurani utotoni, kufuja maji. Nikayaacha yatoke kama uzi, kisha nikachungulia dirishani kuona kama yamefika.