Mkono Uliovukuta Toongabbie

Mzee Fintan Kehoe nilimchukia tangu Jumatatu ya kwanza, na yeye hakukawia kunirudishia. Nilikuwa nimefika kwake Toongabbie, kitongoji cha Sydney, kumwogesha, kumpikia na kuhakikisha amemeza vidonge vyake. Nikamsalimia kwa heshima zote. Akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akauliza kama kampuni yetu haikuwa na mtu mwingine. Nikamwambia walikuwepo wengine wanne na wote wamemkataa. Hiyo ilikuwa kweli, na aliijua.

Mimi ni Leokadia, mzaliwa wa Karagwe. Naishi Rooty Hill na mume wangu Ponsian na watoto wawili, ninaowasemesha Kiswahili nao wananijibu Kiingereza. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Msimamizi wangu, Shirleen, Mkenya mwenye roho nzuri na maneno mengi, alikuwa ameniahidi nafasi ya kudumu ikifika Machi, kwa sharti moja tu: lalamiko la nne lisiingie kwenye faili langu. Matatu yalikuwemo tayari, na yote matatu yaliandikwa na Kehoe.

Alikuwa na miaka themanini na minne. Alizaliwa hapa hapa Sydney na alifanya kazi karakana ya reli mpaka akastaafu, lakini ukimsikiliza ungedhani ameshuka jana kutoka Ireland. Aliyetoka huko ni mama yake. Mkewe alishafariki, na binti yake wa pekee anaishi Perth, anapiga simu kila Jumapili. Katika nyumba nzima hakuna kitu alichokipenda ila zumari lake, ambalo alilifungia kwenye sanduku kubwa chini ya dirisha.

Zumari lenyewe si la kupuliza kwa mdomo. Kuna mvukuto, unafungwa kiunoni na kubanwa kwa kiwiko cha kulia. Mvukuto unasukuma upepo kwenye kiriba cha ngozi kilichobanwa kwapa la kushoto, na kiriba kinalisha mabomba. Bomba moja linachezewa vidole, mengine yanavuma tu pale pale bila kubadilika. Alisema hata jina lake kwa Kiairishi lina maana ya kiwiko. Ndani ya kila bomba kuna ulimi wa utete, mdogo kama kucha, na sauti yote inatoka hapo. Ulimi ukikauka, zumari ni kuni.

Hilo la kukauka nililijua nikiwa nimechelewa. Lalamiko la kwanza lilisema naimba nikipika, la pili kwamba nafungua madirisha. La tatu ni hili. Asubuhi moja ya Januari, yeye akiwa bafuni, nilifungua sanduku nifute vumbi nikakuta sponji mbichi imewekwa kati ya mabomba. Kwetu kitu chenye unyevu kinaanikwa, hatuulizani. Nikatupa sponji, nikaliweka sanduku wazi juani, siku yenye joto la kuchoma lami. Alipolikuta, ulimi wake bora kuliko zote ulikuwa umepasuka. Sponji ile aliiweka yeye makusudi, maana hewa ya huku ni kavu na ndimi zinataka umande. Hakupiga kelele. Alikaa mezani akaandika lalamiko kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri.

Februari akaanguka bustanini akavunjika bega la kulia. Binti yake akamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee, ahamie Ijumaa, na zumari lipewe klabu yake ya wapiga zumari. Alhamisi ndiyo ilikuwa zamu yangu ya mwisho kwake. Nilikwenda nikipiga mluzi.

Nilimkuta amekaa sebuleni, mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni, sanduku liko wazi miguuni.

"Kuna wimbo wa mama yangu," alisema. "Aliuimba kwa mdomo tu, nikauweka kwenye zumari nikiwa kijana. Hakuna mwingine anayeujua. Sijawahi kuurekodi."

"Pole."

"Vidole vinafanya kazi. Bega ndilo halifanyi. Nahitaji mtu wa kuvukuta."

Nikamwambia kuvukuta hakumo kwenye mpango wake wa huduma. Nikamweleza na mengine: bega likiumia zaidi mikononi mwangu, hilo ndilo lalamiko la nne, na kazi yangu imekwisha. Halafu, kwa kuwa sikuzaliwa jana, nikamwambia apige simu ofisini sasa hivi afute yale matatu, ndipo tuzungumze.

"Hapana," alisema. "Yote matatu yalikuwa ya kweli."

Nilichukua mkoba wangu nikafika mlangoni. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: yalikuwa ya kweli. Lakini si hilo lililonirudisha, wala si huruma, mtu asinisingizie. Kilichonirudisha ni ule mvukuto.

Babu yangu alikuwa mhunzi. Alikuwa na mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, na kwenye kiwanda chake mwanamke hakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Walisema akiigusa mivukuto chuma kinaharibika. Binamu zangu wa kiume, wavivu wasiojua hata kuhesabu mapigo, walivukuta watakavyo. Mimi nilikaa nje ya mlango nikisikiliza, na nilijua ni nani anavukuta kwa kusikia tu. Nikiwa na miaka tisa niliingia babu akiwa hayupo, nikashika vijiti vya mivukuto, nikavukuta mara nne. Ya tano sikuifikia. Alinichapa mbele ya wote, na jembe lililopasuka wiki ile wakanisingizia mimi. Sijawahi kumsamehe, na amekufa zamani.

Nikarudi nikajifunga mvukuto kiunoni. Tukakaa ubavu kwa ubavu kwenye kochi kama maharusi waliolazimishwa. Mpira wa kupeleka upepo kutoka kwenye mvukuto hadi kiribani ulikuwa mfupi, hivyo sikuweza hata kusogea nisinuse dawa ya bega lake. Simu yangu niliiweka juu ya kopo la biskuti irekodi. Feni tukaizima kwa sababu ya kelele, na madirisha, safari hii, niliyafunga mwenyewe.

Ulimi aliobaki nao ulikuwa wa zamani. Aliuzungushia uzi wa katani wenye nta mahali ulipolegea, akaubana kidogo kwa waya wa shaba, akaulamba, akausikiliza sikioni. Akausimika. "Vukuta," alisema.

Nikavukuta. Zumari likapiga yowe mpaka mbwa wa jirani akajibu.

"Huvukuti, unapigana."

"Wewe umenizoesha."

Mara ya pili upepo ukakatika katikati na sauti ikazama. Akanitukana kwa Kiingereza, nami nikamtukana kwa Kihaya, na matusi yangu yalikuwa marefu zaidi. Nilipomgusa bega alipiga ukelele. Nilikuwa nimelowa jasho mpaka mgongoni. Nikamwambia anyamaze, avute pumzi, aanze akiwa tayari, asiniangalie.

Nikafumba macho, nikamtafuta babu. Si sura yake, siitaki. Nilitafuta ule mpigo niliousikia nje ya mlango miaka yote ile, wa mtu anayejua kwamba moto hautaki nguvu, unataka usichoke. Mkono ukaupata. Kiriba kikajaa kikatulia, mabomba yakavuma, na vidole vya yule mzee vikaanza kutembea.

Sitadanganya kwamba wimbo ule niliuelewa. Ulikuwa wa polepole, unapanda kama unaotaka kuuliza kitu, kisha unaghairi. Ninachojua ni kwamba kwa dakika nne na nusu upepo haukukatika hata mara moja, na upepo huo ulikuwa wangu. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kupata viza. Ulipokwisha akaondoa vidole kwenye bomba, simu bado inarekodi.

"Ulijifunza wapi?" aliuliza.

"Mlangoni," nikasema.

Hakuuliza mlango gani. Alinitajia anwani ya klabu akataka niwatumie wimbo tu, nikaukata nikawatumia, nikamwogesha, nikampa supu. Akasema ina chumvi nyingi. Hatukuagana.

Wiki mbili baadaye Shirleen akaniita ofisini. Kompyuta yake ilikuwa kwenye ukurasa wa klabu, na wimbo ulikuwa unapigwa. Chini yake waliandika kwamba Fintan Kehoe, miaka themanini na minne, alirekodi wimbo huu peke yake, akavukuta mwenyewe kwa bega lililovunjika, kama alivyowasimulia kwa mdomo wake. Watu mamia walikuwa wameandika pongezi. Mmoja wao, mpiga zumari, alisema hajawahi kusikia upepo uliotulia hivyo.

"Sasa daughter yake amecomplain," Shirleen alisema. "Anataka kujua vile tuliallow mzee afanye hivyo na bega imevunjika, na ilikuwa day ya shift yako. Leokadia, skiza. Ukiniambia ulikuwa kitchen unapika, hukuona kitu, mimi naclose hii file leo. Mzee mwenyewe amesema alikuwa peke yake. March iko hapa tu."

"Amesema alivukuta mwenyewe?"

"Ndiyo. Labda alikuwa anajaribu kukuprotect."

"Humjui huyo mzee. Na kama alitaka kunilinda, angenilinda kwa kitu chake, si kwa kuchukua kazi ya mkono wangu."

Shirleen akasema nifikirie watoto. Niliwafikiria. Nilimfikiria na Ponsian, ambaye tangu Krismasi anawaambia watu kanisani kuhusu hiyo nafasi ya kudumu. Kisha nikasikiliza wimbo mpaka mwisho. Kwenye ukurasa wa klabu ulikatika pale pale noti ya mwisho ilipoisha, pasafi kabisa, kama alivyotaka mzee. Nikahisi mgongo unaniwasha mahali ilipopita fimbo ya babu. Mara ya kwanza chuma kilipasuka wakasema ni mimi. Safari hii kimetoka kizuri, na wanasema sikuwepo.

Nikatoa simu yangu, nikamwekea rekodi nzima. Ikapiga yowe lile la mwanzo, mbwa, matusi ya Kiingereza na ya Kihaya, halafu wimbo. Kisha sauti yake ikiuliza nilijifunza wapi, na yangu ikijibu.

Shirleen akainamisha kichwa. "Nikiandika hii, hiyo job imeenda. Unajua?"

"Andika."

Akavuta kibodi, akaandika polepole, nami nikisoma begani kwake. Aliandika jina langu lote, tarehe, na kwamba nilimsaidia mteja kutumia ala yake ya muziki.

Nikamwambia afute. Mteja sikumsaidia. Nilivukuta.