Nilimchafulia Jina Muuza Dawa za Shamba

Kosa ni langu. Naandika kwa hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu mimi. Ni mkulima wa huku Endasak, niliishia kidato cha pili, lakini hapa kitongojini karatasi yoyote ya Kiingereza inaletwa kwangu. Nilipenda hivyo. Nilipenda kupita kiasi.

Shemeji yangu, mjane wa kaka, alirudi kutoka Katesh na chupa mbili: dawa ya magugu ya pembeni mwa shamba, na dawa ya wadudu waliokuwa wanamaliza maharage yake. Yeye hasomi, na chupa zilifanana. Mzee mwenye duka akamfungia kamba nyekundu kwenye ile ya wadudu. Nisimsingizie, alimweleza vizuri kabisa.

“Shemeji, yenye kamba ndiyo ya wadudu,” akaniambia.

“Kamba ni ya msiosoma nyie.”

“Haya, profesa.” Akacheka, akaenda kuchota maji ya kuchanganyia.

Nikasoma. Yenye kamba iliandikwa “pesticide”, nyingine “herbicide”. Nikakumbuka darasani, “herbivore” ni mnyama anayekula majani. Basi “herbicide” itakuwa inaua vinavyokula majani, yaani wadudu. Nikaona mzee kakosea. Nikaifungua kamba nikaitupa, sikumwambia shemeji, nikapulizia shamba lote kwa ile niliyochagua. Mpaka leo sijui kama nilikuwa na uhakika au nilitaka tu kuonekana.

Baada ya siku chache maharage yakawa njano. Wiki ya pili yakakauka yote. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha wanawe wanne.

Tukaenda wote Katesh. Shemeji hata shikamoo hakutoa.

“Mzee, umeniulia maharage. Wewe unauza au unaloga?”

Wateja wakageuka. Mzee hakupandisha sauti. Akaeleza kwamba “herbicide” inaua magugu, na maharage nayo kwa dawa hiyo ni majani tu. Ya wadudu ni “pesticide”. Kisha akanitazama.

“Kijana, ulipulizia yenye kamba?”

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Na nikajibu, “Ndiyo, mzee. Yenye kamba.”

Akamgeukia shemeji. “Basi nilifunga chupa siyo. Nisamehe, mama.” Akampa mbegu za maharage bure. Mvua ilikuwa imeshakatika.

Sasa akina mama wa jumuiya wanaambiana wasinunue kwa yule mzee, eti hazijui hata chupa zake. Nasikia, nanyamaza. Mtu mzima mimi, najificha nyuma ya mzee wa watu!

Jumapili nikashindwa kuvumilia, nikamwambia shemeji ukweli. Alitwanga mahindi yake mpaka yakaisha ndipo akasema.

“Maharage ningekusamehe siku ileile. Lakini umenifanya nimtukane mzee mbele za watu. Nenda ukaseme palepale dukani. Nami nitakuwepo nisikie.”

Siku ya tatu leo, sijaenda. Asubuhi navaa viatu, kisha najikuta nimekaa tena.

Wewe unayesomea watu maandishi, neno usilolijua sema hulijui. Watakucheka, watasahau. Ukishamsingizia mtu, itabidi urudi ukaseme ukweli mbele yake, na ni yuleyule aliyeomba msamaha kwa kosa lako.