Niliogopa Stendi ya Mpima Ardhi

Nimekosa, jamani, na sina wa kumlaumu. Hapa Korogwe wanaojua ukweli ni watu wawili tu, mimi na mke wangu.

Mimi ni mpiga picha. Ukoo mmoja wa Vugiri ulikuwa na mkutano wao, wakataka picha moja pana: watu wote wamejipanga upande huu, na bonde lote upande ule. Picha kama hiyo hupigwa vipande vipande, unageuza kamera kidogo kidogo juu ya stendi, kisha unaviunga. Stendi ikitikisika, kazi imeharibika.

Rafiki yangu mpima ardhi alitaka kuniazima stendi yake ya mbao, nzito, yenye ncha za chuma zinazozama ardhini. Nikaikataa! Kule Handeni niliwahi kutembea na stendi kama ile, watu wakadhani nimekuja kupima mashamba yao wanyang'anywe. Nilikimbizwa na mapanga mchana kweupe! Tangu siku hiyo nikiiona tu, natafuta pa kukimbilia.

Nikanunua kijistendi chepesi pale Segera. Muuzaji mwenyewe aliniambia, "Kaka, hiyo ni ya simu hiyo." Nikajifanya sijasikia.

Vugiri nikamwamkia mzee wa ukoo. "Marahaba," akasema, akacheka. "Sasa fundi, hivi vijiti vitasimama na upepo wetu huu?"

Wale watu ndio walioniita! Ningekuja na ile stendi nzito nikawaeleza neno moja tu, nani angenifukuza? Lakini woga ulishanipumbaza.

Ili watu na bonde vyote vionekane, ilibidi nisimame ukingoni kabisa, juu ya jiwe. Stendi ikawa inacheza. Nikamwambia mke wangu, ambaye hunisaidia kazi, ashike mguu wa upande wa bondeni.

"Baba Neema, hapa panateleza."

"Shika tu, dakika mbili!"

Upepo ukaja. Stendi ikainama, akaivuta, mguu wake mwenyewe ukateleza kwenye jiwe. Kamera na mke wangu vikaenda kwa pamoja. Na mimi, Mungu anisamehe, nilidaka kamera!

Alianguka kama urefu wa nyumba, akanasa vichakani. Nilisimama pale nimekumbatia kamera. Watu wa ukoo ndio walioshuka na kamba za ng'ombe wakampandisha. Alikuwa hai, paja limevunjika.

Wote wanadhani nilijaribu kumshika nikamkosa. Mzee alinipa pole, na mimi nikaipokea! Aibu gani hii?

Hospitalini, alipoweza kuongea, aliniuliza, "Kamera imepona?" Sijui aliuliza kwa ubaya au kwa wema, naogopa kujua. Hajaligusa tena. Ananipikia, ananiita Baba Neema kama zamani. Nikisikia gongo lake likija nilipo, nasema leo ndiyo ataniuliza kwa nini.

Wapiga picha wenzangu, chukueni stendi nzito, na watu waelezeni mmekuja kufanya nini. Kamwe usimshikishe mtu wako mguu wa stendi penye ukingo. Mikono haikuulizi kwanza unampenda nani. Yangu ilichagua, na yeye alikuwa ananitazama.